Siku Nilipomwandika Marehemu Baba kwa Fomu ya Ushuru

Wacha nijiaibishe mapema ndio tuendelee vizuri. Mimi, Ndanu, mwenye cheti cha kidato cha nne na alama nzuri kabisa ya Kiswahili, niliwahi kusimama katikati ya ukumbi uliojaa watu huko Kajiado, mtoto akiwa kwa titi, nikitambulishwa kwa sauti ya juu kama mstaafu wa serikali na halafu kama mke wa baba yangu mzazi. Yote mawili asubuhi moja, hata chai ya saa nne haijanywewa. Mpaka leo nikipitia karibu na huo ukumbi nainamisha kichwa kama mtu ameona mama mkwe njiani.

Na mnijue vizuri, mimi si mtu wa aibu. Mimi ni mtu wa hasira. Hiyo siku ndio hizo mbili zilikutana.

Hii ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu, wakati simu ya mkononi ilikuwa moja kwa ploti nzima ya wapangaji na fomu za ushuru zilikuwa karatasi unajaza na biro. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, niko na mtoto wa miezi saba anaitwa Mwikali (babake ni mkasa mwingine, na karatasi haitatosha), na nilikuwa nimeandikwa kazi ya kuandika risiti kwa yadi ya mawe ya kujenga hapo Kitengela. Kila mwezi mshahara wangu unakatwa ushuru, na kila Juni ni lazima urudishe fomu ya kusema ulipata nini mwaka uliopita, usiporudisha unapigwa faini. Bosi alitukumbusha siku mbili kabla ya mwisho, kama kawaida ya mabosi.

Sasa, baba. Baba alikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo, mtu wa serikali, yule wa gambuti na sanduku la barafu la kubebea chanjo. Miaka ishirini na sita alichanja ng'ombe kutoka Isinya mpaka Bissil, juu ya pikipiki ya serikali iliyokuwa ikimwangusha kila mvua ikinyesha. Watu walimwita Daktari ingawa karatasi zake hazikusema hivyo. Ng'ombe za wenyewe walimjua kuliko sisi watoto wake. Figo zikamshika akiwa bado kazini, miaka mitatu kabla ya kustaafu, akatuacha: mama, mimi, na ndugu yangu mdogo Muthama.

Serikali inalipa mjane na watoto wa mfanyakazi aliyekufa pesa kidogo kila mwezi, lakini haikuletei nyumbani. Mimi na mama tulizunguka mwaka mmoja na nusu tukitafuta faili ya baba, mara iko Kajiado, mara iko Nairobi, mara iko kwa meza ya mtu ameenda likizo. Ilipopatikana tukafungua akaunti ya majina mawili, la mama na langu, kwa sababu mama haandiki, anaweka kidole, na aliogopa kuweka kidole peke yake mbele ya watu wa benki. Hiyo pesa ndio ilikuwa ikimweka Muthama shule ya bweni. Hakukuwa na nyingine. Ikisimama, Muthama anarudi nyumbani na sanduku lake, hiyo nilijua kama ninavyojua jina langu.

Kwa hivyo ile siku ya kujaza fomu nikaenda kwa jamaa anayekaa chini ya mwavuli karibu na posta, anakujazia kwa bei ya soda mbili tatu. Nikamwonyesha karatasi ya yadi, nikamwonyesha na ya benki, nikamuuliza, hii ya baba inaandikwa wapi?

Akacheka. Akasema, "Dada, hiyo achana nayo. Pesa ya mtu amekufa ni kama pesa umeokota barabarani. Haina mwenyewe. Nani atauliza?"

Haina mwenyewe? Miaka ishirini na sita ya kupigwa mateke na ndama za watu, haina mwenyewe? Nikamnyang'anya fomu yangu nikamwambia aokote za wengine, mimi nitajijazia.

(Hapo ndipo mkasa ulianzia. Si Kajiado. Hapo kwa mwavuli. Ningefunga mdomo wangu, nisingekuwa na kitu cha kuwaandikia leo.)

Nikajaza nikiwa nimekaa kwa kitanda, Mwikali mgongoni. Nikatafuta, nikapata mahali pameandikwa pensheni, nikaandika pesa yote ya mwaka, na mwandiko wangu mzuri ule wa shule. Lakini nikaona nambari peke yake haisemi kitu. Mtu wa ofisi atajuaje ni ya nani? Nikaanza kueleza. Nafasi ikaisha, nikashuka pembeni mwa karatasi, nikazunguka kona kama mtu anafagia kiwanja: *Hii ni pesa ya marehemu baba yangu, Bwana Mutiso Nzioka, msaidizi wa daktari wa mifugo, aliyechanja ng'ombe za wilaya hii kwa miaka ishirini na sita bila kuiba hata chupa moja ya dawa.* Nikaweka nukta. Nikajiona nimefanya jambo.

Wakati huo watu wa ushuru walikuwa wameleta meza zao Kajiado kwa ukumbi mmoja karibu na ofisi za DC, mkuu wa wilaya, ili watu wa huku wasiende mbali. Kwa kuwa ilikuwa siku ya mwisho, na ilikuwa pia siku ya soko la mifugo, nikapata watu wamejaa mpaka kwa veranda, walimu, wafanyakazi wa serikali, wenye maduka, na wazee wa ng'ombe waliokuwa wamejificha jua tu. Unaweka fomu kwa meza, unangoja uitwe. Nikangoja. Mwikali akalia, nikamtolea titi, akanyamaza.

Mbele kulikuwa na kijana mmoja wa ushuru, mwenye tai fupi iliyomkaba kama kamba ya mbuzi. Akainua karatasi yangu, akaigeuza upande mmoja, akaigeuza upande mwingine akifuata maneno yangu kwa kona, akaita:

"Mstaafu Ndanu Mutiso! Mstaafu Ndanu yuko wapi?"

Watu wakaanza kutafuta mzee. Mwalimu mmoja akainuka kwa kiti chake kwa heshima. Mzee Mmaasai aliyekuwa karibu na dirisha, wa shuka nyekundu, kofia na koti la zamani, akasema, "Mpisheni mzee apite."

Nikasimama. Ningefanya nini?

"Wewe ndio Ndanu?"

"Ndio mimi."

"Ulistaafu lini?"

"Sijastaafu."

"Na hii pensheni?"

"Ya baba."

"Baba yako wapi?"

"Alikufa."

"Kwa hivyo aliyestaafu ni nani?"

"Hakuna mtu amestaafu!"

Nyuma yangu mama mmoja akasema, hata hakunong'ona, "Kama huyu amestaafu na bado ananyonyesha, sisi tutafanya kazi mpaka lini?" Ukumbi ukapasuka. Mwikali akaachilia titi ageuke aone kinachochekesha, na mimi mikono yangu yote iko na karatasi za benki, kwa hivyo mjue watu wa Kajiado siku hiyo waliona kila kitu.

Yule kijana hakucheka. Heri angecheka. Akagonga fomu na biro. "Sikiliza. Pesa ya namna hii inalipwa mjane. Wewe hapa umeandika ni mapato yako. Sasa, ama wewe ni mke wa huyu mzee, ama unakula pesa ya mke wake. Ni gani?"

"Huyo ni baba yangu!"

"Ndio nauliza."

Sasa hapo mdomo wangu ulifanya kazi bila mimi. Nilimwambia aulize hiyo tai kama bado inampelekea damu kwa kichwa. Nilimwambia baba yangu alikuwa akihudumia ng'ombe walio na adabu kuliko yeye. Watu wakasema "Uuui!" na mimi nikajiona shujaa, kwa muda kama wa kufunga jicho.

Yeye akachukua fomu yangu polepole, akaitia kwa faili ya kijani, akafunga. Akasema sasa kwa sauti ya chini, na hiyo ndiyo iliniua: "Nitaandikia watu wa pensheni waangalie nani anapokea. Kawaida wakiwa na swali wanasimamisha malipo kwanza, wanauliza baadaye."

Wanasimamisha kwanza. Mwaka na nusu wa kutafuta faili, na mimi nimeirudisha kwa uchunguzi na mwandiko wangu mzuri. Nikamwona Muthama akishuka barabarani na sanduku. Nikaanza kusema "tafadhali," neno ambalo silijui sana, na akaniambia kama mjane mwenyewe yupo, aje na kitambulisho kabla ya saa kumi, kwa sababu saa kumi wanafunga na faili zote zinaenda Nairobi.

Nikatoka mbio kwa simu ya kulipia hapo nje. Nilikuwa na sarafu chache. Nikapigia jirani yetu Mama Kasyoka, ndiye alikuwa na simu ya ploti. Nikasema, "Niko Kajiado kwa watu wa ushuru, kuna shida, mwambie mama aje haraka na kitambulisho na," nilitaka kusema na karatasi za pensheni, sarafu zikaisha, simu ikakata.

Nikarudi nikakaa kwa ngazi. Yule mzee wa shuka nyekundu akaja akasimama juu yangu akiegemea fimbo. "Yule kijana alisoma Mutiso. Mutiso gani? Mutiso wa chanjo?"

Nikasema ndio.

"Ero!" akashangaa kwa Kimaasai, akakaa chini kabisa kwa simiti. "Mwaka ule ng'ombe walishikwa na ugonjwa wa midomo na miguu, huyo alilala kwangu siku tisa. Hakukula nyama, alisema tumbo. Alikunywa maziwa tu." Akafikiri. "Mimi sina fomu hapa. Nilikuja kuuza madume mawili. Lakini sitaki kuondoka sasa." Na kweli hakuondoka, ingawa soko lilikuwa likiisha.

Saa tisa kasorobo nikasikia nyimbo.

Mnielewe. Kwetu Ukambani akina mama wana kikundi cha kusaidiana, mwethya, na hata wakihamia Kitengela wanahama nacho. Mtu wa mwethya akipatwa na shida, hawaulizi ni shida gani, wanakuja wote na wanauliza wakifika. Na Mama Kasyoka, simu ilipokatika kwa ile "na," alikuwa ameimalizia mwenyewe. Msichana ako kwa serikali, kuna shida, anataka mama yake na kitu. Kitu gani mtu aliyeshikwa anahitaji? Blanketi.

Walikuja kwa lori ya mawe. Lori ya yadi yetu, ile ile ninayoiandikia risiti, na dereva wetu kwa usukani (kwa hivyo kazini walijua hata kabla mimi sijarudi). Akina mama tisa wakashuka weupe kwa vumbi la mawe kama maandazi kwa unga, wakiimba wimbo wa kanisa, Mama Kasyoka na blanketi kichwani na ndoo mkononi (ya kujisaidia usiku huko rumande, alinieleza baadaye, alikuwa amefikiria kila kitu), mwingine na sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, imefungwa na leso, mwingine na chupa ya uji wa Mwikali, na mama yangu mbele yao wote, kitambulisho amekishika juu kwa vidole viwili.

Waliingia ukumbini hivyo hivyo. Wimbo haukukatwa, ulimalizika penyewe mbele ya meza.

"Mwanangu ameua nani?" mama akauliza.

Yule kijana akasimama. "Hakuna mtu ameua, mama."

"Basi mbona mmemshika?"

"Hatujamshika. Ameandika tu..." Akaanza kueleza, jasho likimtoka chini ya ile tai, na mwishowe akauliza lile swali, mbele ya mwethya wote: "Mama, unajua pesa ya bwana yako inaingia kwa akaunti iko na jina la huyu msichana?"

Hata mimi ambaye sikuwa nimekula kitu, nilisikia kama nimekula.

Mama akamwangalia. "Huyu alitembea na mimi kwa hayo maofisi mwaka na nusu. Mara ya mwisho alikuwa na mimba ya huyu mtoto, miguu imefura hivi, na bado alinishika mkono barabarani kama mimi ndio mgonjwa. Akiila, ni ya baba yake. Mimi nilikuuliza?"

Akina mama wakakubali, "Ĩĩ!" kwa pamoja. Mzee wa shuka akagonga fimbo chini mara moja.

Kelele ikamtoa mkubwa wao kutoka chumba cha ndani, madam mmoja mnene mwenye miwani ya kamba. Akaomba faili. Akasoma fomu yangu, akaizungusha kwenye kona, akasoma mpaka ile chupa ya dawa. Akachukua na kitambulisho cha mama, akalinganisha majina. Akasema, bila kelele, "Hii si pesa ya msichana, ni ya mama. Na hata mama akija kuiandika, ni ndogo, haifikii ile ya kukatwa ushuru. Hakuna wa kuandikiwa barua hapa. Tunapiga laini hapa, msichana anaweka sahihi, anaenda nyumbani."

Hiyo tu. Laini moja. Muthama amebaki shule kwa laini moja. Nilitakiwa kuanguka nishukuru, na nilishukuru, lakini nitawaambia ukweli, kitu cha kwanza nilisikia ni hasira tena: ati ni ndogo. Baba yangu mzima na pikipiki yake, hafikii hata kukatwa ushuru.

Madam akachukua rula. Akachukua biro nyekundu. Akaweka rula juu ya mwandiko wangu.

"Unafanya nini?" mama akauliza.

"Nakata tu hapa, mama."

Mama hasomi. Lakini jina la baba analijua kwa sura, kama vile mtu anajua mbuzi yake ndani ya kundi. Aliliona hapo chini ya rula. Akaweka mkono wake juu ya karatasi, vidole vyote vitano.

"Usimkate," akasema.

"Mama, hii ni fomu tu."

"Walimkata kwa kitabu cha mshahara, nikiwa nimesimama hapo, na rula kama hiyo. Kitambulisho chake wakakata kona na makasi. Kwa kadi ya bima wakapiga laini. Kila ofisi tunaenda, wananiambia mama kaa chini, halafu wananikatia yeye. Leo mtoto wake amemwandika. Mzima. Usimkate."

Hakuna mtu alicheka. Yule mama wa utani wa kustaafu aliyenicheka asubuhi alikuwa ameshika mdomo. Mzee alivua kofia. Na mimi, mwenye mdomo, nilikuwa nimemshika Mwikali nikiangalia sakafu, kwa sababu nilidhani nilikuwa nimemwandika baba ili nimnyamazishe mtu wa mwavuli, na sikuwa nimejua mama amekuwa akiona hizo laini zote na kuzihesabu.

Madam akaangalia ule mkono. Akaweka rula chini. Akafungua droo akatoa fomu mpya, akanisukumia. Akamwambia yule kijana, "Hii ya kwanza imeharibika. Haiwezi kuingia kwa faili."

"Imeharibika wapi, madam?"

"Imeharibika."

Akaikunja mara mbili, akampa mama na mikono miwili.

Nilijaza ile mpya nikisimama, mshahara wa yadi peke yake, na pale kwa pensheni nikaacha peupe. Ikapigwa muhuri saa kumi kasoro dakika chache. Tukakaa nyuma ya ukumbi kwa nyasi tukala muthokoi, mzee wa shuka akipewa sahani ya kwanza, na yule kijana wa tai (imelegezwa sasa) akaja kuuliza kama ni kweli tumemwekea chakula. Mama Kasyoka akamkalisha juu ya ndoo. Alikula sahani mbili. Nilimwomba msamaha, nusu nusu.

Kurudi, tuko juu ya lori na upepo wa Isinya, mama akatoa ile karatasi kifuani akanipa. "Nisomee."

Nikasoma kwa sauti, nikizungusha kona. Nilipofika mwisho akasema, "Hiyo chupa ya dawa. Ulijuaje hakuiba?"

"Si ndio vile ulikuwa ukituambia?"

"Ĩĩ," akasema. "Rudia hapo pa ng'ombe."

Nikarudia. Nimerudia mara nyingi tangu hapo, kwa sababu pesa iliendelea kuingia, Muthama akamaliza shule, ile miaka ya kulipwa ikafika mwisho wake na serikali ikanyamaza, lakini karatasi bado iko kwa Biblia ya mama na siku zingine ananiita niisome.

Kwa hivyo mimi nimeapa. Hasira zangu nitaendelea nazo, hizo sijawahi kuahidi mtu. Lakini sitaandika tena mtu wetu aliyekufa kwa karatasi ya serikali kabla sijaketi na mama kwanza, nimuulize anataka awekwe wapi.